Farasi Asiye na Doa

Zenz wa nyumba ya pili anadai kwamba siku ile nilimkabidhi Kassian kamba ya farasi huku nacheka. Anaisimulia kila akipata wa kumsikiliza. Eti Kassian, kwa huruma zake, alikuja kunitua mzigo. Eti farasi mwenyewe alikuwa mweupe kama maziwa yaliyoenguliwa, hana doa la maana, na jua likishazama anajigonga milangoni kama mlevi. Eti Kassian alinipa badala yake farasi jike wa kahawia, mzima, mwenye adabu, na juu ya hapo akanifunga skafu yake shingoni kwa sababu kulikuwa na upepo. "Na Loni akacheka," anasema Zenz. "Nimemwona kwa macho yangu haya. Alicheka kama mtu aliyetolewa mwiba. Leo anatununia wote, kwani sisi tumemfanya nini?"

Zenz hasemi uongo. Alikuwa kisimani, hatua arobaini hivi kutoka pale uani, na mimi nilicheka kweli. Ila ukiwa kisimani unaona meno ya mtu, maneno huyasikii.

Kwetu shamba haligawanywi. Mtoto mmoja anachukua nyumba, malisho, ng'ombe na nafasi ya benchi la mbele kanisani. Wengine wanatoka na sanduku la mashuka na kitu kimoja ambacho mzazi amekitaja kwa jina. Kaka yangu Virgil alichukua shamba. Mimi, Apollonia, Loni kwa watu wote, nilitajiwa farasi. Ilikuwa vuli, miaka minne baada ya vita, baba kalala chumba cha karibu na jiko na ulimi umeanza kuwa mzito. Akasema mbele ya padri: "Birke ni wa Loni." Virgil akakohoa ili asicheke.

Mtu asimlaumu Virgil kwa hilo. Birke alikuwa kichekesho cha bonde zima. Huku kwetu mtoto wa kike wa farasi hupewa jina linaloanza na herufi ya mama yake, na wa kiume herufi ya baba yake. Mama yake alikuwa Bless, kwa hiyo huyu akaitwa Birke, jina la mti wenye gome jeupe. Bless alikuwa na madoadoa meusi kuanzia masikioni hadi mkiani, na dume aliyempanda vilevile. Watu wakangoja mtoto wa kutambia. Akatoka mweupe, na alama tatu za kijivu ubavuni, kama vile mtu amefuta vidole vyenye majivu. "Huyu kanyeshewa tumboni," walisema, "rangi yote imekwenda na maji."

Na bonde hili linaishi kwa madoadoa. Farasi wetu wa milimani wapo wa kahawia, weusi na wekundu. Wote ni wazito, miguu kama magogo na moyo kama wa ng'ombe mzee. Wanashuka na mbao juu ya barafu mahali ambapo mtu mwenye akili angevua viatu atambae. Lakini mnunuzi akivuka mlima kutoka Bavaria haulizi moyo wala miguu. Anauliza chui. Ndivyo tunavyowaita wenye madoadoa.

Kassian ndiye aliyenifundisha kuwajua. Alikuwa baba yangu wa ubatizo na rafiki wa baba tangu utoto wao. Ndiye pia mtunza madume: kila mwezi wa tatu serikali inaleta madume wawili au watatu kwenye banda lake, na majike wa bonde zima wanapelekwa kwake hadi nyasi zikatwe. Tangu nina miaka saba nilikuwa nakaa juu ya pipa la shayiri bandani mwake, kimya, natazama. Alipenda nikiwa kimya. "Wasichana wengine wanauliza," alisema. "Wewe unaangalia. Anayeuliza anajibiwa mara moja. Anayeangalia anajibiwa kila siku."

"Usitazame ngozi," alinifunza. "Ngozi ni nguo ya Jumapili. Chuchumaa utazame kwato. Kwato za chui wa kweli zina mistari ya kusimama, mweupe na mweusi, kama soksi ya mcheza ngoma. Kisha nenda mbele, umfunue mdomo. Ngozi ya pua iwe na vidoa vya waridi, kama mtoto aliyekula zambarau mwitu. Kisha jicho. Farasi wa kawaida jicho lake ni jeusi tupu; chui ana weupe pembeni, kama mtu. Ndiyo maana anakutazama kama anakudharau."

"Na kama ana madoa bila hizo tatu?"

"Basi ni matope. Muoshe."

Alinisimulia na mambo ya zamani. Enzi za maaskofu wakuu wa Salzburg, alisema, chui ndio waliovuta magari ya kifahari, na mabwana wale walishindana nani ana farasi mwenye madoa mengi zaidi. Halafu wakaja watu wa jeshi na makaratasi yao, wakataka farasi wa rangi moja, ya giza, asiyeonekana na adui kwa mbali. Madume wenye madoa wakahasiwa mmoja baada ya mwingine. "Lakini jeshi lina miguu mizito," alisema Kassian, akitema tumbaku. "Halikupanda hadi huku." Wachache wakabaki mabonde ya juu, mpaka akazaliwa dume mmoja aitwaye Elmar, miaka michache kabla ya karne kugeuka. Leo kila dume chui anabeba jina la Elmar na namba nyuma yake, kama wafalme.

Yote hayo alinipa bure. Ndiyo maana hadi leo nashindwa kumchukia vizuri.

Baba alipofariki, nikawa na hesabu yangu moja tu kichwani. Kando ya kijito kuna kibanda cha mjane mmoja aliyehamia kwa mwanawe. Kina zizi la farasi mmoja, kiwanja cha viazi na malisho ya kutosha. Mjane alikuwa tayari kunipangisha siku nitakayokuwa na jike anayezaa, kwa sababu mtoto mmoja wa farasi kwa mwaka, hasa chui, anamtosha mtu kuishi. Bila hivyo, siku Virgil atakapooa, mimi nitakuwa mtumishi jikoni kwa mke wake, au jikoni kwa mtu mwingine. Kwetu watumishi wanabadilisha nyumba mwezi wa pili, siku ya mishumaa. Unawaona barabarani na masanduku yao kwenye theluji. Sikutaka kuwa mmoja wao.

Mwezi wa tano, Birke akiwa na miaka mitatu, Kassian akaja. Alikuwa na yule wa kahawia, Hanna, anamvuta nyuma yake.

"Loni, mwanangu. Nimekaa nafikiri habari zako."

"Karibu, Baba. Kuna maziwa ya mgando."

"Maziwa baadaye. Huyu mzimu wako unataka kumfanyia nini?"

"Nataka kumleta kwako mwezi ujao. Apandwe na chui."

Akatikisa kichwa polepole, kama daktari. "Jioni haoni. Wewe mwenyewe umeona. Wiki iliyopita kaingia kwenye mkokoteni wa samadi."

"Ameona vibaya jioni tangu mdogo. Mchana yuko sawa."

"Na ukimpeleka mnadani asubuhi ya ukungu, mnunuzi atakuuliza: 'Dada, ukungu nauona, farasi yuko wapi?'"

Hapo ndipo nilipocheka. Hicho ndicho Zenz alichokiona.

Lakini baada ya kucheka nikasema jambo jingine, na hilo Zenz hakulisikia. Nikasema: "Ila Baba, kwato zake zina mistari. Imefifia, lakini ipo. Na pua yake, na jicho. Zote tatu anazo."

Kassian akamsogelea Birke. Akachuchumaa, akainua mguu wa Birke wa mbele, akautazama muda mrefu mno kwa mtu ambaye tayari anajua. Kisha akaurudisha chini taratibu. "Ana mistari, ndiyo. Lakini madoa yako wapi, Loni? Mtu hatoi asichokuwa nacho. Farasi naye ni hivyohivyo. Huyu atakuzalia vizimu. Hanna ni jike mzima, ukimpandisha na chui una nusu ya bahati. Nusu ya bahati si haba kwa msichana asiye na baba."

Nilimwamini. Ningemwamini nani mwingine? Yeye ndiye aliyenipa macho niliyokuwa nayatumia.

Tukapeana mikono, na Virgil, kama shahidi, akapiga kwa kiganja chake katikati ya mikono yetu kuitenganisha. Kwetu mkono ukishapigwa hivyo, biashara imekufa na kuzikwa. Hakuna padri wala hakimu atakayeifukua. Mkono wa Kassian ulikuwa mkavu, na kwenye kucha kulikuwa na chokaa nyeupe. Akaona naitazama.

"Nilikuwa napaka ukuta wa banda," akasema. Kisha akanifunga skafu.

Miaka mitatu nikampelekea siagi kila Pasaka. Siagi ya kwanza ya majira, niliyoichora ua kwa kijiko. Kila mwezi wa sita nilimpeleka Hanna kwa dume, na kila mwaka Hanna akarudi mtupu. Alivuta magogo, alivuta nyasi, hakuwahi kumpiga mtu teke, na hakushika mimba.

"Mvumilivu hula mbivu," Kassian aliniambia. "Na wewe, Loni, hakuna anayekushinda kwa uvumilivu."

Birke naye alizaa mwaka wa kwanza uleule. Mtoto wa kiume, mwenye madoa kama mtu kamwagia zabibu. Baba yake alikuwa chui, kwa hiyo watu wakasema ni bahati ya dume. Kassian akasema Mungu naye ana utani wake. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli kabisa. Nikaenda kumpongeza.

Mwaka uliofuata nilikuwa palepale juu ya pipa la shayiri, mwanamke mzima sasa, nikingoja zamu ya Hanna, nikamwona Kassian anamtoa Birke na kumpeleka kwa dume mweusi. Mweusi tii, bila hata kijidoa. Nikasema moyoni: maskini, amekata tamaa naye. Mwezi wa tano mtoto akatoka chui. Mweupe, madoa meusi ya duara, safi kama yamechorwa.

Nilisimama kwenye uzio wake muda mrefu siku hiyo. Mweusi hana madoa ya kumpa mtoto. Sasa yametoka wapi?

Mwezi wa sita nikarudi kuangalia. Dume chui alikuwa kwenye chumba cha pili, anapiga kwato ukutani, na watu walikuwa wametoka mabonde matatu kumgombania. Kassian akampita na Birke, akampeleka tena kwa yule mweusi, kwa sababu mweusi ana mifupa mikubwa. Sikumtazama farasi. Nilitazama uso wa Kassian. Hakuwa na uso wa mtu anayebahatisha. Alikuwa kama mwanamke anayetia chumvi kwenye supu yake mwenyewe.

Vuli hiyo Hanna akaumwa tumbo, nikaenda kwa Kassian kuazima pembe ya kumnyweshea dawa. Giza lilikuwa linaingia. Birke alikuwa anarudishwa kutoka malishoni, hakuna aliyemshika. Alikuja peke yake, mtoto nyuma yake, bila kujikwaa, na nikaona kwa nini. Kuanzia langoni hadi mlangoni mwa banda kulikuwa na nguzo za uzio pande zote mbili, kila moja imepakwa chokaa, na chini yake mawe yamepakwa chokaa pia. Njia nyeupe kwa farasi asiyeona jioni.

Hapo ndipo nilipokumbuka chokaa ile kwenye kucha zake. Banda la Kassian ni la magogo, ndani na nje. Ukuta wake haujawahi kupakwa kitu tangu nizaliwe. Nilikaa mule miaka kumi na tano, na siku ile aliponiambia anapaka ukuta wa banda nikaitikia kwa kichwa. Alikuwa amemtengenezea Birke njia kabla hajaja kuniambia kwamba hafai.

Nilipata ile pembe, nikamshukuru, nikaenda kumtibu Hanna. Akapona.

Sikumwambia mtu. Virgil angesema mkono umepigwa, na ni kweli umepigwa. Nilingoja. Majira ya kuchipua Birke akazaa mtoto wa tatu, wa kike, chui, wa yule mweusi tena. Na Virgil akatangaza kwamba siku ya mishumaa ataoa.

Mwezi wa tisa kuna maonyesho ya majike na watoto wao kwenye uwanja wa chini ya kanisa. Mkaguzi anatoka mjini na kofia yake, anazunguka, anapima vifua kwa fimbo, anatoa tepe. Nilikwenda bila farasi. Zenz alikuwepo, anakula andazi la kukaangwa, kidevu kinang'aa mafuta.

"Loni! Umekuja kuona mzimu wako?"

"Nimekuja kuona watu."

"Watu ni walewale tu," akasema, akanipa kipande.

Kassian aliponiona akafurahi. Sijui kama mtu ataniamini, lakini alifurahi. "Njoo umshike huyu mtoto," akaniita, "ana wasiwasi, na mkono wako ni mtulivu." Nikamshika. Nikawa nimesimama nyuma ya bega la Birke wakati mkaguzi alipofika, akamtazama mtoto mbele na nyuma, akamfunua mdomo, akafunga utepe mwekundu kwenye hatamu.

"Baba yake?"

"Yule mweusi, bwana mkaguzi."

"Mweusi?" Mkaguzi akavua miwani. "Wewe una moyo. Mwaka wa pili mfululizo? Ulithubutu vipi?"

Kassian alikuwa ameshakunywa bia mbili na utepe ulikuwa mwekundu sana. "Si moyo, bwana. Ni huyu mama. Jike mweupe mwenye kwato za mistari ana madoa mara mbili, ila yote yako ndani. Kila mtoto anamgawia. Kila mtoto, hata ukimpandisha na jiko la mkaa. Babu yangu alilijua hilo, na mimi na marehemu rafiki yangu tulilijua tukiwa na suruali fupi."

Mkaguzi akacheka, akaandika kitu, akaenda kwa farasi mwingine. Kassian akageuka achukue kamba, ndipo akakumbuka nani aliyeishika.

"Loni," akasema.

"Uliniambia mtu hatoi asichokuwa nacho."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Ulikuwa umechuchumaa. Umeshika mguu wa mbele wa kushoto."

Akajifuta mdomo. "Maneno ya biashara, mwanangu. Kila mtu anasema maneno kwenye biashara. Na Hanna si farasi mbaya."

"Ni farasi mzuri. Hashiki mimba."

"Hayo ni ya Mungu."

"Kabla hujanipa, alikaa kwako miaka sita na madume bandani. Alizaa mara ngapi?"

Zenz alikuwa amesogea karibu, andazi mkononi. Kassian akamtazama, akashusha sauti. "Baba yako kama alitaka ujue, angekuambia mwenyewe."

"Wiki mbili za mwisho baba alikuwa hawezi kutamka jina langu. Wewe ndiye uliyekuwa unakaa kitandani kwake. Alikuwa anakushika kola, anakuvuta sikio hadi mdomoni. Nilikuwa naleta maji, nikawaona. Alikuwa anakuambia nini?"

Akainamisha uso. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu hadi nyuma ya masikio. Mimi nikajua, na kwa mara ya kwanza tangu ile jioni ya nguzo nikataka kulia, si kwa sababu ya farasi. Baba hakunidhihaki mbele ya padri. Alinipa kitu bora kuliko shamba, mbele ya macho ya wote, na akamwachia rafiki yake anifafanulie.

"Mkono ulipigwa," Kassian akasema hatimaye. "Kaka yako ndiye shahidi."

"Ulipigwa. Simdai Birke. Sitamdai kwa mtu yeyote, wala kanisani, wala kwa hakimu."

"Basi tunagombana nini, mwanangu? Hebu tuende tukanywe supu."

"Wee Kassian," Zenz akadakia, "hebu mjibu mtoto wa watu habari ya yule wa kahawia. Hata mimi nataka kujua."

"Wewe Zenz kula andazi lako!"

Mtoto wa farasi alikuwa ameanza kuninyonya mkono wa koti. Pua yake ilikuwa na vidoa vya waridi. Kwato zake ndogo zilikuwa na mistari iliyo wazi kabisa. Watu wa benchi la jirani walikuwa wameacha kuzungumza. Nilijua kwamba nikingoja hadi nyumbani, nikingoja hadi kesho, nitasema vizuri zaidi, lakini itakuwa bandani kwake, juu ya pipa lake, na nitakuwa na miaka saba tena.

"Baba," nikasema, "siku ya mishumaa Virgil anaoa na mimi natoka. Kile kibanda cha kijitoni bado kitupu. Hanna nitakurudishia, na hatamu mpya. Nakuomba huyu wa kike. Huyu mmoja tu. Nipe mbele ya watu hawa, useme kwa nini unanipa."

Kassian akaweka mkono mfuko wa kulia wa koti, akatafuta kiko chake, hakukiona. Akatafuta wa kushoto. Akatafuta wa ndani. Birke akageuza shingo kumtazama mwanawe, na kengele ya kuwaita watu kwenye supu ikaanza kupigwa. Hakuna aliyeondoka. Kassian akaendelea kujipapasa kifuani, na mimi nikaendelea kushika kamba.